Uyoga wa porini wa Milima ya Usambara

Uyoga wa porini wa Milima ya Usambara ni uyoga wa kulika unaoota wenyewe, bila kupandwa, katika misitu, mashamba na vichuguu vya milima hiyo iliyopo mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Hukusanywa wakati wa mvua na kuliwa kama kitoweo, ukiwa mbichi au baada ya kukaushwa.

Kwa upande wa ekolojia, uyoga huo unatofautiana na ule wa misitu ya miombo ya magharibi na kusini mwa Tanzania. Miombo inajulikana hasa kwa uyoga unaoishi kwa ushirika na mizizi ya miti hai. Katika misitu minyevu ya Usambara uyoga mwingi wa kulika huota kwenye miti iliyokufa, na katika sehemu za chini zenye joto huota kwenye vichuguu vya mchwa. Kwa sababu hiyo uvunaji endelevu katika Usambara hautegemei tu namna mtu anavyochuma. Unategemea zaidi kubaki kwa magogo yanayooza, vichuguu na kivuli cha msitu.

Kuvu na uyoga

Uyoga si mmea. Ni sehemu ya kuvu, yaani viumbe ambavyo havina klorofili na haviwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mwili halisi wa kuvu ni nyuzi nyembamba sana ziitwazo hifa, na mtandao wote wa nyuzi hizo huitwa miselia. Mtandao huo huishi ndani ya udongo, gogo au majani makavu, na unaweza kudumu kwa miaka mingi bila kuonekana.

Uyoga unaoonekana juu ya ardhi ni kiungo cha uzazi tu. Kazi yake ni kutoa spora, ambazo ni chembe ndogo zinazosambazwa na upepo, maji, wadudu na wanyama. Kwa mfano, uyoga unaweza kulinganishwa na embe na miselia ikalinganishwa na mwembe. Anayechuma embe haui mwembe, lakini anayekata mwembe hapati embe tena. Mfano huo una kasoro moja: mwembe huonekana na kila mtu, ilhali miselia inaweza kuharibiwa bila aliyeiharibu kujua.

Mazingira

Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kufika Udzungwa kusini mwa Tanzania. Imegawanyika katika Usambara Magharibi, yenye miji na vijiji vya Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Mtae, na Usambara Mashariki, ambako ndiko Amani iliko. Kati yake kuna bonde la mto Lwengera. Kilele cha juu kabisa, upande wa magharibi, kinapita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400, na Amani karibu mita 900.

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki na kuleta mvua na ukungu, ilhali upande wa kaskazini-magharibi unaotazama Mkomazi ni mkavu. Wasambaa hutofautisha Shambaai, yaani nchi ya milimani yenye baridi na unyevu, na nyika, yaani nchi kavu na yenye joto iliyo chini. Tofauti hiyo inafaa pia kueleza mahali uyoga unapopatikana: uyoga wa magogo ni wa Shambaai zaidi, na uyoga wa vichuguu ni wa nyika na miteremko ya chini zaidi.

Miongoni mwa misitu ya asili iliyobaki ni hii:

- Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, karibu na mji wa Lushoto, iliyotangazwa mwaka 2010 na yenye zaidi ya hekta 9,000;
- msitu wa Mazumbai, wenye takriban hekta 320, unaomilikiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa ajili ya mafunzo na utafiti;
- msitu wa Shagayu, kaskazini mwa Usambara Magharibi;
- Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 na yenye hekta 8,380;
- Hifadhi ya Mazingira Asilia Nilo, katika Usambara Mashariki, iliyotangazwa mwaka 2007.

Makundi ya uyoga

Uyoga wa kulika wa Usambara unaweza kupangwa katika makundi manne kufuatana na namna kuvu yake inavyopata chakula.

Uyoga wa miti iliyokufa

Kundi hili huozesha magogo, visiki na matawi yaliyoanguka. Kuvu zake huvunja selulosi na lignini, vitu vinavyoupa mti ugumu wake, na kurudisha madini katika udongo. Bila kazi hiyo miti iliyokufa ingerundikana, na miche mipya ingekosa rutuba.

Jenasi zinazojulikana zaidi ni hizi:

- Pleurotus, unaoitwa pia mamama. Kofia yake ina umbo la kipepeo au kombe la chaza na huota kwa mafungu ubavuni mwa gogo. Bua lake ni fupi au halipo kabisa.
- Auricularia, uyoga laini kama mpira unaofanana na sikio. Wakati wa ukame husinyaa na kuwa mgumu, na mvua ikinyesha hufura tena. Kwa hiyo unaweza kupatikana hata baada ya mvua kupungua.
- Oudemansiella, wenye kofia nyeupe au ya kijivu inayoteleza kwa ute.
- Lentinus, wenye nyama ngumu kidogo, unaofaa kuchumwa ukiwa mchanga.
- Armillaria, unaoota kwa mafungu makubwa kwenye visiki na mizizi. Katika nchi nyingi huliwa baada ya kupikwa vizuri, lakini wakulima wa chai wa Afrika Mashariki wanaujua kama ugonjwa, kwa sababu kuvu yake hutoka kwenye visiki vya msitu uliofyekwa na kuozesha mizizi ya michai.

Uyoga wa vichuguu

Uyoga wa jenasi Termitomyces hulimwa na mchwa. Mchwa wa nusufamilia Macrotermitinae hawawezi kuyeyusha miti na majani makavu peke yao. Hutafuna mabaki ya mimea, huyapeleka ndani ya kichuguu na kuyajenga kuwa vitu vinavyofanana na sega la asali au sponji. Juu ya masega hayo miselia ya Termitomyces huota na kulainisha chakula, kisha mchwa hula sega pamoja na kuvu. Ushirika huo ulianza barani Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita.

Mvua zinapoanza, kuvu hupeleka uyoga juu kupitia udongo. Spishi kubwa zina mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye sega, na ncha ngumu katikati ya kofia inayosaidia kutoboa ardhi. Termitomyces letestui ni mfano wa uyoga mkubwa wa namna hiyo. Termitomyces microcarpus, kinyume chake, ni mdogo sana na huonekana kwa mamia, mahali ambapo mchwa wametoa mabaki ya masega na kuyatandaza juu ya udongo. Spishi kubwa kuliko zote duniani, Termitomyces titanicus, ilielezwa kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, na kofia yake inaweza kufikia upana wa mita 1.

Mchwa hao hupenda joto, kwa hiyo uyoga wa vichuguu hutafutwa katika miteremko ya chini, bonde la Lwengera na mashamba ya tambarare, si katika misitu ya baridi kama Magamba. Hadi sasa hakuna njia ya kuulima kibiashara, kwa kuwa hakuna aliyefaulu kuchukua nafasi ya mchwa. Kichuguu kikivunjwa na malkia akiuawa, chanzo cha uyoga huo hupotea.

Uyoga wa mizizi

Baadhi ya kuvu huishi kwa ushirika na mizizi ya miti hai. Kuvu huupatia mti maji na madini, na mti huipa kuvu sukari. Ushirika huu huitwa mikoriza, na uko wa aina mbalimbali. Miti mingi mikuu ya misitu ya milimani ya Usambara, kama vile mkulo (Ocotea usambarensis), podo na mwangati (Juniperus procera), hushirikiana na kuvu ndogo za udongoni ambazo hazitoi uyoga wowote. Hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kutembea muda mrefu chini ya miti hai ya Usambara bila kuona uyoga wa mizizi, huku magogo yaliyo pembeni yakiwa yamejaa.

Miti ya miombo, yaani jamii za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, ina ushirika wa aina nyingine, na kuvu zake hutoa uyoga mkubwa wa jenasi Cantharellus, Lactarius, Russula na Amanita. Katika mikoa yenye miombo kama Tabora na Iringa, uyoga wa namna hiyo huuzwa kandokando ya barabara wakati wa mvua. Usambara Mashariki ina mti mmoja wa jamii hiyo, Isoberlinia scheffleri, lakini kwa jumla uyoga wa mizizi si msingi wa mavuno ya milima hii.

Misonobari ilileta uyoga wake. Katika nchi nyingi za tropiki miche ya misonobari ilidumaa mpaka ilipopewa udongo wenye kuvu zinazofaa mizizi yake. Kwa njia hiyo uyoga wa kigeni uliingia pamoja na mashamba ya miti ya Afrika Mashariki. Miongoni mwake ni Suillus, wenye kofia ya ute na matundu madogo chini yake, ambao huliwa baada ya kumenywa ngozi. Pamoja nao uliingia Amanita muscaria, wenye kofia nyekundu yenye madoa meupe, ambao ni wa sumu. Kwa sababu hiyo, ujuzi wa uyoga uliorithiwa kutoka msitu wa asili hautoshi ndani ya mashamba ya misonobari kama yale ya Shume.

Uyoga wa majani makavu na nyasi

Kundi la nne huozesha majani yaliyoanguka, samadi na mabaki ya mazao. Ndimo zilimo baadhi ya spishi za Agaricus, Macrolepiota na Volvariella. Huota malishoni, kwenye migomba na kandokando ya mashamba. Kundi hili lina spishi nzuri za kulika, lakini pia lina zinazofanana nazo ambazo ni za sumu, kama inavyoelezwa hapa chini.

Msimu

Uyoga hufuata mvua. Usambara ina mvua za masika, kwa kawaida kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Uyoga wa vichuguu hutokea ghafla siku chache baada ya mvua kubwa za mwanzo wa msimu na hudumu kwa muda mfupi. Uyoga wa magogo huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa gogo hutunza maji. Katika misitu ya juu yenye ukungu baadhi ya spishi huweza kuonekana hata nje ya misimu hiyo.

Tofauti hiyo ina maana kwa wakusanyaji. Mavuno ya vichuguu ni ya kuwahi. Gogo moja, kwa upande mwingine, linaweza kutoa mavuno mara kadhaa kwa miaka mfululizo mpaka mbao yake iishe.

Uvunaji endelevu

Matokeo ya utafiti

Swali kama kuchuma uyoga kunapunguza mavuno ya miaka inayofuata limechunguzwa kwa muda mrefu nchini Uswisi. Katika hifadhi ya La Chanéaz, jimbo la Fribourg, watafiti walilinganisha maeneo yaliyochumwa na yasiyochumwa kuanzia mwaka 1975 hadi 2003. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kuchuma hakukupunguza idadi ya uyoga wala idadi ya spishi, na hapakuwa na tofauti kati ya kukata bua kwa kisu na kung'oa. Kilichopunguza uyoga ni kukanyagwa kwa ardhi.

Utafiti mwingine, uliofanyika katika jimbo la Oregon nchini Marekani na kuchapishwa pia mwaka 2006, ulichunguza uyoga wa matsutake. Kuchuma kwa uangalifu hakukuleta madhara, lakini kukwangua tabaka la majani na udongo kwa reki bila kulirudisha kulipunguza mavuno kwa miaka 9.

Tafiti hizo zilihusu misitu ya nchi za baridi na hasa uyoga wa ardhini, kwa hiyo haziwezi kuhamishiwa Usambara kwa kila jambo. Hata hivyo zinakubaliana na baiolojia ya kuvu popote ilipo: kinachopaswa kulindwa kwanza ni miselia na chakula chake.

Kanuni za uchumaji

Kutokana na hayo, kanuni zifuatazo zinafaa kwa mazingira ya Usambara:

- Kupita katika njia zilizopo na kutokanyaga ovyo sehemu zenye uyoga. Ardhi yenye mteremko na mvua hushindiliwa na kumomonyoka upesi.
- Kuacha uyoga mchanga sana ambao bado haujafunguka, kwa sababu ni vigumu kuutambua na haujatoa spora.
- Kuacha uyoga uliozeeka au wenye funza. Haufai kuliwa, lakini bado hutoa spora.
- Kutofukua kichuguu. Uyoga wa Termitomyces huvutwa polepole kwa kuuzungusha, na sehemu ya mzizi inayokatika huachwa ardhini.
- Kukata uyoga wa gogo bila kubandua gome wala kupasua gogo, kwa kuwa miselia imo ndani.
- Kurudisha majani makavu yaliyofunuliwa.
- Kutumia kikapu au ungo badala ya mfuko wa plastiki. Uyoga uliofungiwa bila hewa huvunda upesi na unaweza kumdhuru mlaji hata kama spishi yenyewe haina sumu.
- Kutochuma katika mashamba ya mboga yaliyopuliziwa dawa au kando ya barabara zenye magari mengi, kwa kuwa uyoga hufyonza kemikali na metali nzito.
- Kuchuma kiasi kinachoweza kupikwa au kukaushwa siku hiyohiyo.

Vitisho

Kitisho kikubwa zaidi ni kupungua kwa msitu wenyewe. Sehemu kubwa ya msitu wa asili wa Usambara imekwisha kugeuzwa mashamba ya chakula, mboga, chai, kahawa na miti ya kupandwa. Katika Usambara Mashariki ukataji wa magogo kwa mashine uliendelea hadi miaka ya 1980. Katika nafasi zilizoachwa wazi mhesi (Maesopsis eminii), mti ulioletwa kutoka nje ya milima hii, ulienea sana na kubadilisha muundo wa msitu.

Kitisho cha pili ni cha kila siku na hakionekani kuwa uharibifu: ukusanyaji wa kuni. Kuni ndiyo nishati kuu ya kupikia vijijini, na sheria na desturi huona kuokota kuni kavu kuwa bora kuliko kukata mti mbichi. Ni kweli, lakini gogo kavu ndilo shamba la uyoga. Msitu unaofagiliwa matawi na magogo yote hubaki na miti mirefu na huku ukikosa mamama na uyoga wa masikio, pamoja na wadudu, vyura na miche inayotegemea mbao zinazooza. Njia za kupunguza mgongano huo ni kupanda miti ya kuni mashambani, kutumia majiko yanayookoa kuni, na kuacha magogo makubwa yaliyokwisha kuanza kuoza, ambayo kwa vyovyote hayana moto mzuri.

Vitisho vingine ni:

- moto, unaoteketeza majani makavu na magogo na kukausha udongo;
- kuvunjwa kwa vichuguu ili kupata udongo wa kufyatulia matofali au kwa kuwaona mchwa ni waharibifu tu;
- mabadiliko ya majira ya mvua, yanayofanya msimu kuwa mfupi au usiotabirika;
- kupotea kwa ujuzi, pale watoto wasipokwenda tena msituni na bibi au mama zao.

Kitisho hiki cha mwisho kina uzito wake. Asiyejua uyoga haoni hasara gogo linapochukuliwa, na akiamua kuchuma yuko katika hatari ya kula wa sumu.

Sheria na usimamizi

Misitu ya Tanzania Bara husimamiwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Misitu ya hifadhi ya taifa, pamoja na hifadhi za mazingira asilia kama Magamba, Amani na Nilo, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Uyoga ni zao la msitu kama zilivyo mbao, asali na dawa za asili. Anayetaka kuuchuma ndani ya hifadhi hutakiwa kwanza kupata maelekezo na ruhusa katika ofisi ya hifadhi hiyo.

Sheria hiyo inaruhusu pia usimamizi shirikishi. Kijiji kinaweza kuwa na msitu wake wa hifadhi katika ardhi ya kijiji, au kuingia makubaliano na serikali ya kusimamia pamoja msitu wa hifadhi. Kamati ya maliasili ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo zinazosema nani achume, wapi na lini. Sheria ndogo zinazotaja kuni na mbao peke yake huuacha uyoga bila ulinzi. Zile zinazotaja magogo yanayooza na vichuguu huulinda bila kumzuia mkusanyaji.

Uyoga wenye sumu

Hakuna alama moja inayotenganisha uyoga wa kulika na wa sumu. Mambo yafuatayo husemwa mara nyingi lakini si kweli:

- kwamba uyoga ulioliwa na konokono, wadudu au nyani ni salama kwa binadamu;
- kwamba uyoga wa sumu hubadilisha rangi ya sarafu, kijiko cha fedha au kitunguu ukipikwa pamoja navyo;
- kwamba uyoga mweupe au wenye harufu nzuri hauna sumu;
- kwamba kuchemsha na kumwaga maji huondoa kila sumu.

Sumu hatari kuliko zote, amatoksini, hupatikana katika baadhi ya spishi za Amanita na jenasi nyingine chache. Haiharibiki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Dalili zake huchelewa, kwa kawaida saa 6 hadi 24 baada ya kula: kutapika, kuhara na maumivu makali ya tumbo. Kisha mgonjwa huonekana kupata nafuu kwa siku moja hivi huku ini likiendelea kuharibika, na anaweza kufa siku chache baadaye. Nafuu hiyo ya uongo huwafanya wengi wachelewe kwenda hospitali.

Uyoga wa Chlorophyllum molybdites unaoota kwenye nyasi na bustani huleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Ukiwa mchanga hufanana na Macrolepiota na Agaricus za kulika, na wasiojua huudhania pia kuwa uyoga wa vichuguu. Njia mojawapo ya kuutofautisha ni kuangalia rangi ya spora. Kofia iliyofunguka huwekwa juu ya karatasi nyeupe, upande wa chini ukielekea karatasi, na kufunikwa kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi spora huwa zimeacha unga. Unga wa Chlorophyllum molybdites una rangi ya kijani, na ule wa Termitomyces ni wa waridi hafifu. Kipimo hiki husaidia kutambua jenasi, lakini peke yake hakithibitishi kwamba uyoga unafaa kuliwa.

Spishi za Amanita hutambulika mara nyingi kwa kuwa na pete kwenye bua na mfuko au uvimbe chini ya bua. Mfuko huo hubaki ardhini uyoga unapokatwa juu. Kwa hiyo uyoga wa ardhini usiojulikana vizuri huchimbuliwa pamoja na kitako chake ili utambuliwe, ingawa kwa spishi inayojulikana kukata kunatosha.

Anayehisi vibaya baada ya kula uyoga apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga mbichi au uliopikwa. Wengine waliokula chungu hichohicho wachunguzwe pia, hata kama hawajaona dalili. Usalama wa kweli ni kula tu spishi ambazo mtu mwenye uzoefu wa mahali hapohapo ameitambua kila moja, na kuacha kila yenye shaka.

Matumizi

Takriban asilimia 90 ya uzito wa uyoga mbichi ni maji. Ukikaushwa hubaki na protini, madini na nyuzinyuzi kwa wingi, na ladha yake huongezeka. Hupikwa kwa vitunguu na nyanya, au kuungwa kwa karanga au tui la nazi, na kuliwa kwa ugali au ndizi. Uyoga wa masikio huhitaji kupikwa kwa muda mrefu zaidi.

Ili kuukausha, uyoga husafishwa bila kulowekwa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani juu ya ungo au mkeka. Mahali penye ukungu huanikwa juu ya jiko. Huwa tayari unapovunjika kwa kishindo badala ya kukunjika, na huhifadhiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Kilimo cha uyoga

Kulima uyoga kunaweza kupunguza uhitaji wa kuingia msituni. Spishi zinazooza mbao na majani hulimika. Mamama huoteshwa juu ya mabua, majani ya migomba, maganda ya maharage na takataka nyingine za shamba zilizochemshwa ili kuua vijidudu. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walichapisha matokeo ya kulima uyoga wa asili wa Tanzania wa jenasi Oudemansiella kwenye vumbi la mbao, mabaki ya mkonge na mabua ya mpunga. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya kulima uyoga wa porini wa Tanzania wa jenasi Pleurotus, Volvariella na Coprinus kwenye mabaki ya mkonge. Jambo hili linauhusu mkoa wa Tanga moja kwa moja, kwa kuwa mashamba ya mkonge yako chini ya milima yenyewe.

Uyoga wa vichuguu na ule wa miombo haulimiki kwa njia hizo. Wenyewe hubaki kutegemea mchwa na miti hai.

Historia ya utafiti

Katika karne ya 19 sampuli za kuvu za Afrika Mashariki zilipelekwa Ujerumani, ambako mtaalamu Paul Hennings wa Berlin alizieleza nyingi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa baiolojia na kilimo huko Amani.

Mwaka 1977 David Pegler wa bustani ya Kew, Uingereza, alitoa kitabu cha awali kuhusu uyoga wa Afrika Mashariki. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini, pamoja na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, wa kulika, wa sumu na mwingine. Kazi yao ilitokana kwa sehemu kubwa na maelezo ya wanavijiji wa mikoa mbalimbali, hasa wanawake, waliowaonyesha watafiti uyoga wanaoula na ule wanaouacha.